Mikono Iliyonyoosha Bunduki ya Bwana Kitambaa

Niliondoka Kijenge alasiri, jua likianza kushuka upande wa Monduli, na mzigo wa kuni kichwani. Katikati ya kuni mlikuwa na bunduki. Miaka ile ya Mdachi, mtu mweusi akikutwa na bunduki ya Mzungu haulizwi maswali, sembuse mwanamke. Lakini sikuogopa. Nilikuwa na hasira iliyonijaa hadi kooni. Watu husema hasira hasara. Waseme. Hawakuuona mgongo wa mume wangu.

Mume wangu, Jamaldini, alikuwa mbeba bunduki wa Mzungu mmoja mwenye shamba chini ya Mlima Meru. Sisi tulimwita Bwana Kitambaa. Kila asubuhi alitoa leso nyeupe mfukoni, akaipitisha juu ya bunduki yake, kisha akaitazama kwenye mwanga. Ikitoka na doa, Jamaldini anakula kiboko. Basi Jamaldini aliisugua bunduki ile kila alfajiri mpaka inang'aa. Mimi mkewe sikuwahi kusuguliwa hata mgongo.

Halafu bunduki ikaanza kwenda kombo. Bwana akilenga nyati, risasi inakwenda kushoto. Akilenga swala, kushoto tena. Siku aliyokosa mbele ya wageni wake na wageni wakacheka, alisema Jamaldini ameiangusha. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Jamaldini akapelekwa bomani, akalazwa kifudifudi, akachapwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Kisha Bwana akamtupia ile bunduki na kumwambia atafute fundi wa kuinyoosha. Siku ya kuwinda ikifika bado inakwenda kombo, atapelekwa kwenye reli na mnyororo shingoni. Katika watu wetu waliopelekwa kwenye reli kwa mnyororo, sikuwa nimemwona hata mmoja aliyerudi.

Fundi wa bunduki alikuwapo bomani, lakini Bwana hakumtaka, eti Wazungu wenzake wangezidi kumcheka. Jamaldini hakuweza kusimama. Nikaibeba mimi.

Habari za mhunzi wa Elerai nilizipata kwa mama Nosim, Mwarusha aliyetuletea maziwa. Alisema kwa kazi ya chuma hakuna anayemfikia, toka kwao hadi Umasaini. Aliyasema hayo kwa kunong'ona, ingawa tulikuwa wawili tu jikoni. Kwao mhunzi ni mtu wa kuogopwa, na chuma kikitoka mkononi mwake kina kiu ya damu. Akaniambia nisipokee kitu kwake kabla sijapaka viganja vyangu mafuta ya kondoo. Hicho kitu nacho nikipake, na kisifutwe mpaka jua la kesho yake likione. Akanipa mafuta yenyewe ndani ya pembe ndogo.

"Na jua likizama, usimwite kwa kazi yake," alisema. "Hilo neno, olkunoni, halitamkwi gizani. Ukichelewa, rudi."

Nilichelewa. Nilipovuka mto Naura nikakuta askari wameketi njiani wanachoma mahindi. Nikajificha migombani, nikangoja washibe. Hawakuwa na haraka. Walipoondoka jua lilikuwa limezama na ukungu umeshuka kutoka mlimani, mzito, wenye harufu ya majani yaliyooza. Nirudi? Nirudi nikamwambie nini Jamaldini?

Nikaenda.

Nilifika kwenye ua wa miiba nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena. Moshi ulikuwa unatoka kwenye paa la nyumba, kwa hiyo watu walikuwamo. Wananisikia na wamenyamaza. Hapo ndipo hasira iliponipanda. Nimebeba kifo kichwani tangu Kijenge, halafu mtu ananinyamazia? Nikapaza sauti.

"Olkunoni!"

Mbwa aliyekuwa akibweka akanyamaza.

Ng'ombe zizini wakaacha kucheua. Hata vyura wa mtoni... kimya. Kisha kwenye kibanda kilichokuwa pembeni mwa ua, nikasikia mivukuto ikianza kuvuta pumzi. Fuu... fuu... Mwanga mwekundu ukatoka mlangoni.

"Lete," sauti ikanong'ona.

Niliingia. Kulikuwa na harufu ya chuma cha moto, na chini yake harufu nyingine, ya udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa muda si mrefu. Makaa yalikuwa machache. Yaliangaza mikono tu. Mikono mipana, yenye makovu ya cheche, kucha nyeusi kwa masizi. Uso sikuuona. Kila nilipoinama nimwone, giza nalo liliinama.

Lakini kazi niliiona. Mikono ile iliitoa bunduki kwenye kuni taratibu. Ikapapasa mtutu, ikapapasa mbao, kidole kikasimama mahali fulani.

"Nani alipigwa kwa ajili ya hii?"

"Mume wangu."

"Hakuna kosa lake. Ni mvua." Ukucha ukapita kati ya chuma na mbao. "Mwenyewe aliiacha nje ikalowa. Mbao imevimba, inasukuma mtutu."

Nilihisi machozi ya hasira. Mume wangu amechunwa ngozi kwa sababu ya mvua! Mikono ikatwaa kisu kidogo, ikaanza kukwangua mbao kwa ndani, kidogo kidogo, unyuzi kwa unyuzi, mpaka jani la mgomba likapita kati ya mbao na chuma bila kukwama. Halafu ikachukua tupa, ikalainisha mdomo wa mtutu palipokuwa na kidonda kidogo. Mwisho ikakigonga kile kipande cha kulengea kilicho karibu na mdomo. Ngo. Ikapima. Ngo. Nimeishi na mbeba bunduki, najua kazi safi nikiiona.

Kisha ikarudi pale kwenye mbao ambapo Jamaldini huishika anapotembea. Ikapapasa hapo muda mrefu.

"Mumeo ana mikono mizuri," ikanong'ona. "Naisikia hapa."

Nilipaka viganja mafuta, nikapokea, nikaipaka bunduki toka mdomoni hadi kitakoni, nikaificha kwenye kuni. Nilipouliza nimlipe nini, makaa yakazimika.

Nilitembea bila kugeuka. Nyuma yangu mbwa hakubweka tena.

Nyumbani nilimwambia Jamaldini asiiguse mpaka jua litoke. Aliniahidi. Alikuwa mtu wa kutimiza ahadi, mume wangu, na simlaumu hata leo. Ila Bwana Kitambaa hakungoja jua. Alikuja alfajiri, giza bado, na farasi wake na wageni wake, akaita kwa mdomo wake mkubwa. Na Jamaldini, kwa mgongo ule usioweza kugusa shuka, alijikongoja akafanya alichofanya kila alfajiri kwa hofu ya ile leso. Nilipotoka uani na kuni za chai, nilimkuta ameipangusa bunduki inang'aa. Viganja vitupu. Hakuna hata tone la mafuta.

"Ningefanyaje, Siwema?" alisema.

Leso ilipita, ikatoka nyeupe. Jua lilipochomoza Bwana alilenga kibuyu kilichokuwa juu ya kichuguu mbali kabisa. Kikapasuka. Akalenga kipande kilichobaki, nacho kikapasuka. Akacheka, akampiga Jamaldini begani kwa furaha, juu ya kidonda. Nikatamani risasi ya tatu impate yeye. Nilitamani kwa moyo wangu wote, sioni haya kusema.

Jioni walimrudisha Bwana kwa machela.

Wageni wake, Wazungu wenyewe, ndio walioeleza bomani. Walikuwa wameketi wanakula karibu na mto. Bunduki ilikuwa imeegemezwa kwenye mti, na hakuna mtu karibu nayo. Ikalia mara moja. Risasi ilimwingia Bwana katikati ya macho, sawasawa kabisa, wala haikwenda kushoto. Jamaldini alikuwa mtoni anachota maji, wote walimwona mgongo wake. Boma likasema ni ajali, likamwachia.

Nilifurahi. Nilipika wali siku ile. Mnyororo umekwisha, Bwana amekwisha, mume wangu yuko mkekani mbele yangu. Lakini hakula. Aliketi ameficha mikono chini ya shuka, na aliponong'ona, sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye baridi.

"Nilipoinama kuchota maji sikuiona mikono yangu. Naona viwiko, halafu maji tu. Bunduki ikalia. Ndipo nikaihisi imerudi."

"Ulishtuka, mume wangu."

"Inanuka baruti," akasema. "Siwema... hii siyo yangu."

Nikalifunua shuka.

Mikono mipana. Makovu ya cheche. Kucha nyeusi kwa masizi.

Nilimwendea mama Nosim, nikamvuta kwa kanga yake mpaka Elerai, mchana kweupe. Mhunzi alitoka nyumbani kwake kutupokea, mzee mpole, jina lake Lesikar. Nikamwamkia shikamoo. Alipoitikia alinyanyua mikono kama watu wanavyofanya, na nikaona haina viganja. Iliishia kwenye vifundo, imefunga kovu la zamani.

Alituambia bila kupandisha sauti. Wakati wa vita vya Mdachi askari walimkuta anafua mikuki, wakaiweka mikono yake juu ya fuawe yake mwenyewe na kuiponda kwa nyundo yake mwenyewe. Ikaoza. Ikakatwa. Akaizika nyuma ya kibanda, kwa sababu mhunzi haitupi mikono yake kwa fisi.

"Ile jioni uliita," alisema. "Mimi na mke wangu tulikuwa ndani. Tulisikia nyundo ikifanya kazi kibandani kwangu. Hatukutoka."

Tukaenda nyuma ya kibanda. Kulikuwa na shimo dogo, udongo wake mbichi, limefukuliwa toka chini. Lesikar alilitazama muda mrefu. Nikamuuliza mikono ya mume wangu iko wapi. Alichouliza ni kimoja tu, tunakaa wapi. Nami nilikaza midomo, lakini mama Nosim, kwa hofu yake, akamwambia.

Tangu siku hiyo Jamaldini analala sana. Amekonda. Mikono peke yake ndiyo inayonona. Akisinzia inagonga mbao za kitanda, ngo... ngo... inapima, inagonga tena. Nimelala kwa dada yangu, nikarudi kwa sababu ya aibu. Ni mume wangu. Namlisha mimi, kwa kuwa hataki kujilisha kwa vidole vile.

Na leo Lesikar amekuja.

Alifika alasiri, akaketi chini nje ya mlango wetu. Nilikuwa nimeshatia komeo. Nilimchungulia kwenye ufa wa ukuta. Alisalimu kwa adabu zote.

"Mama, nimefuata mikono yangu."

Nikamwambia alete kwanza ya Jamaldini. Alisema hajui iliko, na macho yake yalikuwa ya huzuni kweli, nikamwamini, na kule kumwamini kukaniongezea hasira. Ana haki, mzee wa watu. Alidhulumiwa. Lakini na sisi je? Mdachi ameshakula ngozi ya mgongo wa mume wangu. Huyu naye achukue mikono, mume wangu abaki na nini?

"Nenda zako, mzee," nikasema. "Kadai bomani."

"Sitachukua kitu," akasema. "Nimekuja kungoja tu."

Jua likazama akiwa ameketi vile vile, na vifundo vyake magotini. Hakuita, hakugonga.

Komeo likakwaruza.

"Jamaldini, usifungue," nikasema, jicho langu bado ufani.

Likakwaruza tena. Nikageuka. Jamaldini alikuwa kitandani, anakoroma taratibu. Shuka lilikuwa limelala bapa pande zote mbili za kifua chake.

Niliruka mlangoni. Niliikamata mikono ile kwenye komeo, yote miwili, ya moto, mizito, nikaikumbatia kifuani na kuanguka nayo sakafuni. Ilipambana. Nilimtukana Lesikar, nikamtukana Bwana Kitambaa kaburini kwake, na boma lake, na leso yake. Sikuiachia. Ya mtu au si ya mtu, haitoki humu ndani.

Kitandani kukoroma kukakoma.

"Siwema," akaniita kwa sauti ya usingizi. "Mbona giza? Nishike mkono."