Jiwe la Mpaka na Miche Mitatu

Jiwe la mpaka halikuwa mahali pake. Lilisimama hatua kumi na tano ndani ya msitu, wima, kama limezaliwa pale.

Inspekta alichutama kwenye shimo la zamani la jiwe. Lilikuwa limefukiwa na kufunikwa majani makavu.

"Kesho anakuja mpima ardhi," alisema mwenyekiti wa amana, kamati inayoushika msitu kwa niaba ya kijiji kizima. "Pale atakapolikuta jiwe, ndipo hati itakapoweka mpaka. Haibadiliki tena."

"Nje ya jiwe kuna nini?"

"Ardhi ya kijiji. Unachimba, unajenga, unazika. Ndani, hakuna hata kimoja. Afande, usijisumbue, mkamate mfyatua matofali. Udongo huu anautolea macho siku nyingi."

Mfyatua matofali aliletwa, matope mpaka magotini.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Kwenye tanuri, kutwa kucha. Waulize vibarua wangu, na wala hawanipendi."

Inspekta alitazama chini. Pembeni mwa jiwe palikuwa na miche mitatu iliyohamishwa. Imewekewa mboji, udongo umelowa, na kila mmoja umejengewa kivuli cha majani.

"Mti gani huu?"

Mfyatua matofali alikuna kichwa. "Muhogo?"

Mwenyekiti aliguna.

"Nenda zako," alisema Inspekta.

Alimkuta mtunza kitalu wa amana, ambaye wote humwita Mama Miche, akijaza udongo kwenye vifuko.

"Dada, mwizi angeikanyaga ile miche. Huyu wetu kaihamisha, akaimwagilia."

Mama Miche hakuinua uso. "Mche haujamkosea mtu."

"Jiwe nalo?"

Alijifuta mikono kwenye gauni, kidole kimoja kimoja.

"Ni mimi. Nililibeba kwa toroli."

"Kwa nini?"

"Kaburi la baba liko hatua kumi ndani ya mpaka. Mama hainuki kitandani, daktari ameshamrudisha nyumbani. Kila asubuhi ananiuliza, 'Mtanilaza na baba yenu?' Namwambia ndiyo."

"Hiyo kanuni ya kutozika mliipitishaje?"

"Kwa kunyoosha mikono. Wangu ulitangulia. Mama alikuwa anatembea wakati huo."

Inspekta aliandika maelezo, akamsomea, naye akatia dole gumba. Kabla ya adhuhuri jiwe lilikuwa limerudi kwenye shimo lake.

"Twende, dada."

Mama Miche alimgeukia mwenyekiti, aliyesimama kando ya jiwe. "Ile miche imwagiliwe jioni. Na mama asiambiwe kuwa jiwe limerudi."