Marehemu Atia Sahihi

Kila Jumamosi Viola, mwanafunzi wa Gredi ya Saba, humsaidia baba yake kutunga majani ya tumbaku kwenye vijiti kabla ya kuyaanika bandani. Kazi hiyo hupaka mikono utomvu mweusi, mkaidi, usiotoka kwa sabuni. Hapa Malakisi hakuna anayeishangaa mikono ya namna hiyo.

Jumamosi moja dada yake, Fridah, aliingia bandani na fomu na insha mkononi. Alikuwa amepata A katika mtihani wa kidato cha nne, na sasa aliomba nafasi katika chuo kikuu cha ng'ambo ambacho kati ya waombaji mia huchukua watatu tu. Alikuwa ametoka Kitale kwa Bwana Waithaka, mshauri wa maombi hayo.

"Baba, tia sahihi hapa," alisema bila kumtazama.

Viola alichungulia. "Mbona hapa kwa mlezi umeandika 'mjomba'? Na hii insha... ati baba alifariki!"

"Nyamaza! Waithaka amesema chuo kama hicho hakitaki hadithi za kawaida. Yatima ndio wanachukuliwa."

Baba yao, Mzee Wepukhulu, aliweka kijiti chini. Angefanya lolote kwa ajili ya binti yake. Alijifuta mikono kwenye suruali, akachukua kalamu.

Viola aliinyakua fomu. "Hasaini! Nani amekufa hapa? Kama chuo chenyewe kinataka baba yetu afe kwanza, kibaki na sifa zake!"

"Unaniharibia maisha, wewe!" Fridah akafoka.

Baba alicheka, lakini machozi yalimlengalenga. "Kwani mlinizika lini, bana? Na mlichinja fahali gani matangani? Si mngeniwekea hata kipande cha nyama!"

Fridah alijaribu kucheka, akashindwa. Aibu ilimshika. Aliirarua insha, akaketi palepale na kuandika nyingine, kuhusu baba anayetunga tumbaku. Alipokata neno "mjomba", baba alitia sahihi kama mzazi, na kidole chake kikaacha doa jeusi. Fridah hakulifuta.

"Wakikataa, wakatae," alisema.

Walikataa, kwa barua ya mistari miwili. Fridah alilia siku nzima. Miezi michache baadaye alipata nafasi ya kusomea kilimo katika chuo cha hapa nchini, na baba akambebea sanduku mpaka langoni, Viola akifuatana nao.

"Mzee, wewe ni nani wake?" askari aliuliza.

"Babake. Na niko hai!" Kisha akawageukia binti zake. "Chuo chenye jina kubwa ni kizuri, wanangu. Lakini mlango usiofunguka mpaka umkane mzazi wako, achana nao."