Muhuri wa Koo

Kipimakoo kilimeza albamu nzima ya roki nzito kwa dakika moja, kikatulia, kisha taa yake ikawaka nyekundu. Katika jiji la Kitale la miaka hiyo, nyekundu ilimaanisha kwamba albamu hiyo haitatajwa kwenye habari za Redio Mtikisiko, na albamu isiyotajwa huko ilikuwa imezikwa kabla ya kuzaliwa.

Mhandisi Nasimiyu ndiye aliyekiunda. Roboti walikuwa wamejaza soko nyimbo za kunguruma zisizotoka kwenye koo la mtu yeyote, na mashabiki wakachoka kudanganywa. Nasimiyu akagundua kwamba mtu anaponguruma koo lake huchubuka, na michubuko hiyo huacha alama ndani ya sauti ambazo roboti hawakuweza kuziiga. Kipimakoo kilizisoma. Penye michubuko pana mtu, na wimbo ukapewa muhuri.

Lakini taa hii ilimhukumu Barasa, mdogo wake wa tumbo moja, mwimbaji wa bendi ya Jivu Bichi. Nasimiyu akampigia simu.

Barasa alicheka. Akaeleza kwamba siku hizi ananguruma kwa tumbo, kwa pumzi aliyofundishwa na mwalimu wa kwaya kanisani, ili koo limfikishe uzeeni.

“Kwa hiyo mashine yako inaniadhibu kwa kuimba vizuri, dada?”

“Nipe wiki moja niirekebishe.”

“Habari zinasomwa leo jioni, na wenzangu wananitazama mimi. Usijali. Nimeshajua inachotaka.”

Simu ikakatika. Nasimiyu alipiga tena na tena, haikupokelewa. Akili ilipomfunulia maana ya maneno yale, alitoka mbio. Alipanda gari la waya lililopita juu ya mapaa, mikono ameishikanisha, akiomba kimoyomoyo: Ee Bwana, mnyamazishe, japo kwa saa moja tu, mpaka nifike.

Mlangoni mwa studio alikutana na Khaemba, fundi wa sauti, uso unang'aa kwa jasho. Walikuwa wamerudia nyimbo zote bila kupumzika, akasema, na Barasa alikataa hata maji. Kipimakoo cha studio kilikuwa kimekwisha kuipitisha albamu.

“Alama tisini na tisa, Mhandisi. Hakuna bendi iliyowahi kufika hapo.”

Ndani, Barasa alikaa kwenye kigoda, taulo mdomoni. Macho yake yalitabasamu. Taulo lilikuwa na madoa mekundu.

“Niite jina langu,” Nasimiyu alimwambia.

Midomo ikatikisika. Ikatoka hewa tupu, kama gurudumu lililotobolewa. Khaemba akainamisha kichwa, akanong'ona kwamba roboti tabibu ameshamulika koo lile: nyuzi za sauti zimechanika. Huenda atanong'ona siku moja. Kuimba, hapana.

Kwa desturi ya redio ile, mhandisi mwenyewe ndiye aliyesoma mihuri ya wiki hewani. Jioni hiyo Nasimiyu alikaa mbele ya maikrofoni, akajikaza, akalitaja jina la Jivu Bichi na alama zake. Mtangazaji aliyekaa kando yake akapiga makofi. Nasimiyu akamwinulia mkono anyamaze.

“Nilisema mashine yangu inapima ukweli,” alisema polepole. “Inapima majeraha. Ndugu yangu alijifunza kuimba bila kuumia, nami nikamwita roboti. Leo amelipasua koo lake ili apite. Hataimba tena. Nimezima kipimakoo, na Mungu anisamehe. Tafadhali, msidai tena koo la mtu.”

Kioo cha wasikilizaji kikaanza kujaa ujumbe, mmoja juu ya mwingine, kwa kasi ambayo mtangazaji hakuwahi kuiona. Nasimiyu alijongea kuusoma, akiwa tayari kwa matusi, akitumaini pole.

Wa kwanza uliuliza damu inaanza kusikika kwenye wimbo wa ngapi.

Wa pili uliuliza hivyohivyo. Na wa tatu.