Mwenye Daraja la Uzioni

Jioni ile nilikwenda kurudisha ufunguo, basi. Ulikuwa wa stoo iliyo chini ya Daraja la Uzioni, mbele kidogo ya Jozani, barabara inapovuka mkondo wa mikoko. Bango jipya linaliita kwa jina la kampuni iliyokodishiwa mwaka huu. Jina lake hasa ni Uzioni. Nililitunza miaka thelathini na moja nikiwa fundi wa serikali, na nilipostaafu sikuliacha.

Kampuni ilimpa usimamizi Muhiddin. Mimi ndiye niliyemfundisha kuchanganya zege. Sasa alikaa katika kibanda cha vioo chenye feni, kando ya geti, jina lake limeshonwa kifuani.

"Shikamoo, Bwana Hisham."

"Marahaba."

Akapokea ufunguo bila kuutazama. Kisha, mbele ya madereva waliopanga foleni kulipia njia, akatabasamu. "Wewe pita tu, mzee wangu. Nshawaambia wasikutoze."

Bure. Juu ya daraja langu.

Nilimshukuru, nikashuka chini kwenye nguzo, maana ilikuwa siku ya ubani. Kila mwaka, masika yakimalizika, mtunzaji wa Uzioni hufukiza ubani pale na kuacha sahani ya halwa. Nilirithishwa kazi hiyo na marehemu Jaku bin Hasan, aliyelijenga daraja. Alinionya jambo moja: nikiulizwa daraja la nani, nijibu ni la wapitao wote. Nisitaje mtu. Atakayetajwa pale, mkondo utamshika.

Miaka yote sikuulizwa. Niliyasema maneno mwenyewe, nikapanda juu, nikaenda zangu.

Nikaweka sahani ya halwa, ubani ukashika moto. Maji yakaacha kupita... Hayakupungua. Yaliacha. Kaa waliokuwa wakichakura topeni wakatulia. Ikaja harufu ya asumini mbichi, mahali pasipo na ua hata moja.

Kisha, nyuma ya sikio langu, sauti ya mwanamke ikanong'ona.

"La nani?"

Juu yangu Muhiddin alikuwa akicheka na dereva. Wivu ulinipanda. Jibu nililijua. Nililijua vizuri.

"La Muhiddin," nikasema.

"Muhiddin yupi?"

Mimi si mtu wa kutaja jina nusu.

"Muhiddin bin Anuar. Mamake, Sichana binti Duni."

Maji yakaanza tena. Nilipoitazama sahani, ilikuwa tupu na kavu.

Nilipanda juu nikamkuta Muhiddin amemkabidhi mwenzake geti, anaelekea kwao kwa miguu. Akafika mwisho wa daraja. Akainua mguu kukanyaga barabara...

Akawa katikati ya daraja.

Alijishika kichwa, akatembea tena. Yakawa yale yale. Mara ya tatu alikimbia.

Huu ni mwezi wa nne tangu jioni ile. Walimpakia garini, gari likavuka, kiti chake kikabaki kitupu, naye wakamkuta amesimama pale pale kati. Daktari alikuja, na mashekhe walikuja, wakaondoka. Kampuni imemtilia kitanda kibandani. Nasikia wanamsifu kwamba hakosi kazini.

Juzi Bi Sichana alinifuata nyumbani kwangu, Kiponda. Ameambiwa mimi ndiye niliyebaki mwenye kuyajua ya pale. Alikaa ukingoni mwa kiti na kahawa yake hakuigusa. Aliuliza kama iko njia ya kumtoa mwanawe.

Iko. Jaku alinieleza. Aliyetaja hurudi pale pale, akalitaja jina lake mwenyewe mahali pa lile la kwanza.

"Magharibi ikiingia," Bi Sichana akaninong'oneza, "kuna mwanamke anamwita kutoka chini. Anamwita kwa upole. Jina lake lote, na langu. Naye anamwitikia, naam." Akafuta macho kwa ncha ya buibui. "Siku hizi hataki tena kutoka."

Nilimwambia sijui njia yoyote. Nikamsindikiza mpaka mlangoni, nikamwombea dua.

Ningependa kusema niliogopa. Wasomaji wangenielewa. Lakini tangu alipoondoka nimekuwa nikiiwaza sauti ile, upole wake, na kwamba jioni ile, baada ya miaka yote ile, haikuniuliza mimi ni nani. Hata hilo namwonea wivu.