Mwalimu, Niagizie Mtoto

"Mwanahamisi! Vaa viatu, tunaondoka!"

Sauti ilitoka nyuma yangu. Nikageuka, chaki mkononi...

Mwanaume nisiyemjua alikuwa amesimama katikati ya darasa langu. Hakupiga hodi. Hakutoa salamu. Suruali ina matope mpaka magotini, macho mekundu kama mtu aliyelia njia nzima.

Nilimvuta mtoto nyuma yangu. Silaha niliyokuwa nayo ni rula ya mbao, basi nikaishika kama panga!

"Wewe nani?"

"Kaa pembeni, binti."

"Nimekuuliza wewe nani! Baba yake yuko hapo joshoni anaogesha ng'ombe, nikipiga kelele anakuja!"

"Piga! Tena piga kwa nguvu. Mwambie mjomba wa mtoto amefika."

Mjomba?!

Wasomaji wangu, niliishusha rula. Muda wote niliokaa kwenye ranchi ile niliambiwa kwamba upande wa mama wa mtoto huyu hakubaki mtu. Wote wamekwisha.

Ngoja nirudi nyuma kidogo mnielewe.

Naitwa Farida, wa Chikongola, Mtwara mjini. Nina shahada ya ualimu, na kama wenzangu wengi nilikuwa nyumbani nasubiri ajira, naosha vyombo na kuulizwa na majirani, "Hivi bado tu?"

Ndipo akaja Bwana Sudi. Alikuwa mfanyabiashara Mikindani. Mkewe, Somoe, alipofariki kwa homa, akauza nyumba na kwenda kufuga ng'ombe bondeni mwa Ruvuma, mbele ya Kilambo. Yeye na binti yake wa pekee, Mwanahamisi, wa miaka kumi.

"Shule iko mbali na njiani kuna mamba," aliniambia. "Mfundishie hapahapa nyumbani. Kifaa chochote unachotaka, chagua. Nitakileta."

Jamani, mwalimu gani hapendi kusikia hivyo?

Nilichagua kama bi harusi! Vitabu vya kiada. Vitabu vya hadithi vyenye picha. Tufe la dunia. Redio ya sola. Mwisho nikaomba kishikwambi chenye masomo ya video, na Bwana Sudi akakileta kikiwa na laini ndani tayari. Hesabu tulifanya kwa korosho, na somo la kutoa tulikuwa tunalifanya kwa kula.

Mtoto alikuwa na akili ya kutisha! Siku moja nikamwambia, "Safari hii chagua wewe. Tuagize nini?"

Akafikiri.

"Mwalimu, unaweza kuniagizia mtoto?"

"Mtoto?!"

"Eeh. Wa kukaa naye. Hata kama hajui kusoma, nitamfundisha."

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Kila asubuhi kabla ya somo alikwenda kwenye zizi la ndama kuita mahudhurio. Ndama wote alikuwa amewapa majina ya watu.

"Rukia?" Anabadilisha sauti, anajijibu mwenyewe. "Yupo!"

"Samweli?"

"Yupo!"

"Ayubu?"

"Yupo, ila anatafuna kamba!"

Nikawa naona ni mchezo wa kitoto tu. Jioni nilikaa barazani peke yangu, nasikiliza viboko wanakoroma mtoni, natamani hata mtu wa kugombana naye. Bwana Sudi naye alikula peke yake upande wa pili wa nyumba. Tulikuwa watu watatu, kila mmoja na taa yake.

Haya, turudi kwa mgeni.

Bwana Sudi alifika mbio, buti zinachuruzika dawa ya josho. Alipomwona yule mtu, akaganda.

"Bakari... umefikaje hapa?"

"Uliniambia umehamia Tunduru, shemeji! Tunduru! Mimi nipo hapo Msimbati, mtoto wa dada yangu yuko karibu hivi, na wewe unanificha?"

"Nani kakuelekeza?"

"Nimeitwa."

"Na nani?"

Kabla Bakari hajajibu, Bwana Sudi akageuza shingo taratibu... akanitazama mimi.

"Mwalimu. Nimekupa chumba. Nimekupa kila ulichoomba. Umeniuza?"

"Wallahi baba, mtu huyu simjui!"

"Hapa wenye simu ni mimi na wewe. Fungasha!"

Fungasha! Machozi yalinitoka mbele ya mwanafunzi wangu. Mwanahamisi alifungua mdomo, lakini mjomba wake akamtangulia.

"Muache binti wa watu," Bakari akasema, akitoa simu mfukoni. "Si yeye aliyeniita. Nimeitwa na Somoe."

Somoe! Marehemu!

"Namba ya dada sikuifuta," Bakari aliendelea. "Lakini nani anapigia namba ya marehemu? Sasa juzi nipo gengeni na nazi zangu, nafungua simu, naona jina lake. Ujumbe wa sauti. Shemeji, nilikaa chini palepale."

Akabonyeza.

"Shikamoo mjomba. Mimi Mwanahamisi wa Somoe. Nimekuta jina lako humu, limeandikwa Kaka Bakari. Sisi tuko mbele ya Kilambo, ulizia ng'ombe wa Sudi. Mwalimu wangu ni mzuri, usimgombeze. Na baba ni mzuri. Ila darasani niko mimi na ndama. Kama una watoto... njoo nao."

Nilikuwa nimempa zoezi la kujirekodi akisoma kwa sauti, akawa anapanda na kishikwambi juu ya kichuguu. Kumbe alikuwa anatafuta mtandao! Na ile laini iliyokuja ndani ya kishikwambi ilikuwa ya mama yake.

"Laini isipotumika wanaifunga, halafu wanampa mtu mwingine," Bwana Sudi alisema, sauti imekwisha kabisa. "Sikutaka mtu mwingine apewe namba ya Somoe."

Akakaa kwenye kile kiti kidogo cha mwanae, magoti yakamfika kidevuni.

Ninyi wa huku kwetu kusini mnajua, mjomba si mgeni wa kuja kula pilau na kuondoka. Mtoto wa dada ni wake. Ana kauli kwenye kusoma kwake, kuchezwa unyago kwake, kuolewa kwake. Bwana Sudi alilijua hilo, ndiyo maana alikimbia.

"Siku ya arobaini ulisema utamchukua," akamwambia shemeji yake. "Mimi ningebaki na nani?"

"Nilisema kwa uchungu. Dada yangu tulikuwa ndiyo kwanza tumemzika! Mjomba anaangalia, hanyang'anyi. Akae na wanangu siku za shule, Ijumaa nakuletea. Shule iko nyuma ya nyumba yangu."

Bwana Sudi akamtazama mwanae. Kisha akanigeukia.

"Nisamehe, mwalimu. Sasa sema wewe. Ukisema hajawa tayari, atabaki mpaka mwakani. Na wewe utabaki naye."

Jamani...

Neno moja tu. "Bado." Nani angenibishia? Kazi ningebaki nayo. Nisingerudi Chikongola kuulizwa na majirani. Na ningebaki na mtoto wa kumpenda.

Mwanahamisi alinishika kidole kimoja, akakibana.

"Yuko tayari," nikasema.

Nikaingia ndani, nikafungasha.

Mwanahamisi alipopandishwa kwenye pikipiki ya mjomba wake alinivuta sikio.

"Mwalimu, kesho utaita mahudhurio? Ndama watadhani nimewatoroka."

"Nitaita."

Wazazi mnaosomeshea watoto nyumbani, na walimu wenzangu mnaowasaidia, nunueni vitabu, tena vizuri. Lakini mtoto akianza kuwapa ndama majina ya watu, msicheke. Anawaambia kitabu kipi kimekosekana.

Asubuhi yake gari la Fredi, dereva wa kubeba mifugo, lilikuwa linapeleka mbuzi mjini. Likishaondoka, mpaka wiki nyingine. Begi langu lilikuwa juu tayari.

"Ticha, panda! Mbuzi wanahema!"

"Nisubiri kidogo, Fredi! Kuna jambo nimeahidi!"

"Umemwahidi nani? Hapa si wamebaki ng'ombe tu?"

Nikakimbilia zizini. Nyuma yangu honi ikalia, ikalia tena... kisha nikasikia begi langu linatupwa chini na gari linaondoka.

Nikasimama kwenye uzio, ndama wote wakanigeukia.

"Rukia?"

Ndama wakaendelea kunitazama. Ndipo nikakumbuka, mtoto yule alikuwa akiita na kuitikia mwenyewe. Mimi kujiitikia sikujua.

"Rukia?" nikarudia.

"Yupo."

Niligeuka. Bwana Sudi alikuwa nyuma yangu, ndoo ya maziwa mkononi, haniangalii usoni.

"Samweli?"

"Yupo."

"Ayubu?"

Akaiweka ndoo chini. Akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Yupo... ila anatafuna kamba."