Aliyekaa Kwenye Kigoda

Haya yalimkuta dada yangu Tabitha, na mimi nilikuwepo, kwa hiyo msiniambie ni stori za kijiweni.

Tabitha alikuwa na kibarua Bomani, kwenye ofisi ndogo iliyokuwa ikitengeneza msikilizaji wa kwenye simu, programu tu, si mtu. Unamweleza shida zako, naye anakuitikia kama mtu. Tatizo, aliitikia vibaya. Unamwambia umefiwa, anadakia "ehee" kabla hujamaliza. Bosi akampa Tabitha wiki moja alete sauti ya mtu anayejua kusikiliza, la sivyo kibarua kitaota nyasi.

Tukaenda kijijini Kenyamonta kwa mama mkwe wake, Mokami. Mama yule hata ukimsimulia habari ya mbuzi aliyepotea, anakuitikia mpaka unajiona mtu wa maana. Asubuhi nzima Tabitha alisimulia, mama akaitikia, simu ikarekodi. Lakini sauti zao zilipandana.

"Mama, sasa itikia peke yako," Tabitha akasema. "Mimi nitanyamaza."

Mokami akaacha kuchambua maharage. "Hewa haiitikiwi, mwanangu. Ukiitikia pasipo mtu, kuna atakayedhani unamsikiliza yeye."

Nilicheka. Najuta mpaka leo. Tabitha akamweleza habari ya kibarua, na mama akamwonea huruma. Akageukia kigoda kitupu kilichokuwa mbele yake.

"Mmh. Ehee. Ikawaje?"

Tabitha akazima simu. Mama hakunyamaza.

Aliendelea mchana ule, na kesho yake. Anasubiri kidogo, anaitikia, anasubiri tena. Mara nyingine alitikisa kichwa kwa huzuni. Uji ulipoa mkononi mwake. Tulifuta sauti zote kwenye simu, haikusaidia. Siku ya tatu midomo yake ilikuwa imepasuka, na niliogopa kwamba tutamzika.

"Mama, ondoka hapo," Tabitha akanong'ona.

"Hajamaliza." Sauti ilikuwa imekauka. "Mtu hakatizwi, mwanangu. Labda aitikiwe na mwingine."

Tabitha akakitazama kigoda. Nikamshika mkono. Akautoa.

"Mmh," akasema.

Mokami akanywa uji wote, akalala. Leo ni mzima, anapalilia mihogo yake.

Tabitha alirudi Bomani, lakini kazini hakuonekana tena. Jana saa nne asubuhi nilimpigia kutoka kwangu Sirari. Alipopokea, sikuwahi hata kumsalimia.

"Ehee," akasema. Akasubiri kidogo. "Ikawaje?"

Nilisikia pumzi yake. Kisha akacheka kidogo, kwa upole, na hakuwa anaongea na mimi.

"Ndiyo, ni kaka yangu. Na yeye anajua kusikiliza."

Nikakata simu.

Leo asubuhi nimekuta kigoda cha Mokami mlangoni kwangu. Nimemtumia mama ujumbe, amejibu kwamba hajakitoa nje ya boma lake. Kimeelekezwa ndani, kwenye kiti ninachopenda kukalia. Naogopa hata kuguna.