Aliyebisha Ndani ya Kompyuta

Taa ndogo ya kamera ilikuwa inawaka, na hakuna aliyeiwasha.

Mke wa dereva aliiona alipoinuka kumgeuza mtoto kitandani. Kazi yake ilikuwa kujibu malalamiko ya wateja kwa kompyuta, humo humo chumbani, maana mume anashinda barabarani na nyumba haina chumba cha kuringia. Akafungua mipangilio ya kivinjari. Kamera: ruhusu. Maikrofoni: ruhusu. Akaweka zuia kote kuwili, akahifadhi, akaenda kuosha chupa ya mtoto. Aliporudi, taa inawaka. Ruhusu, ruhusu.

Akaitwa fundi, mtu wa miwani, maneno mengi kuliko bisibisi. Akafuta kivinjari, akakiweka upya, akabadilisha nywila.

"Dada, kompyuta haijibadilishi yenyewe. Kuna mtu humu anabonyeza."

Mama mkwe akatoa kichwa jikoni. "Usinitazame mimi, baba. Mimi hata rimoti naiogopa."

Fundi akacheka, akaondoka. Hajafika getini, taa ikawaka.

Sasa mtoto. Umri wa kutamka ulishampita, na hata "ma" hajasema. Mama yake alikuwa anamwinamia kutwa kulisubiri neno hilo, utadhani anasubiri mshahara. Siku hizo mtoto akaacha kulia. Anakaa anaitazama kamera, anacheka, anapiga makofi. Ukimgeuza, shingo inarudi. Maziwa hataki. Mbavu zikaanza kuonekana, na chumba kikanuka nywele zilizoungua.

Ndipo mama akaamua kukaa macho kodo. Mchana, kitunguu kinakaangwa jikoni, mtoto amelala, akaweka zuia, akakunja mikono, akaitazama skrini mpaka macho yakamwaga maji, na hakusogea hata ile harufu ilipomjia puani, hata shingo yake iliposisimka, mpaka aliposikia, si kwenye spika bali nyuma ya kioo, kana kwamba huko ndani kuna mlango wa mbao na mtu amesimama upande wa pili, mkono ukibisha taratibu: ko, ko, ko.

"Karibu!" mama mkwe akaitikia toka jikoni, hata macho hakuyainua kwenye sufuria.

Neno zuia likafutika herufi moja moja. Ruhusu. Taa ikawaka. Mtoto akafumbua macho, akacheka.

Akaletwa shangazi wa mume, mtabibu wa majini, mwanamke mnene asiye na subira. Alisikiliza, akamgeukia mama mkwe.

"Kumbe ni wewe, wifi."

"Mimi? Mtu akibisha nisimkaribishe? Nimelelewa na watu mimi!"

"Huyu hana nguvu ya kuvunja mlango. Anasubiri sauti ya mtu wa humu. Wewe umemwitikia kila siku kama muuza mkaa. Kila mkwe wako akifunga, wewe unafungua."

Mama mkwe akakaa chini, mwiko bado mkononi.

Shangazi akafukiza chumba, akamsimamisha wifi yake mbele ya kompyuta. "Mwambie."

"Sikukaribishi," akanong'ona. "Nilikosea. Toka."

Kioo kikatoa mvuke, harufu ikakatika. Mtoto akalia kwa njaa, na wote wakafurahia kelele zile.

"Msiitikie tena," shangazi akasema. "Hata akibisha kwa adabu."

Zuia ikabaki zuia. Maziwa yakanyweka, mashavu yakarudi. Mama mkwe akajifunza kwenda mlangoni kwa miguu na kuchungulia kwanza, huku akinung'unika kwamba wamemfanya mkorofi uzeeni.

Kisha mchana mmoja, wanawake wawili wanakunja nguo chumbani, mtoto katikati yao kitandani: ko, ko, ko.

Mama mkwe akajiziba mdomo kwa khanga. Mke wa dereva akajiziba kwa mikono yote miwili. Wakatazamana, hawapumui. Ko, ko, ko. Wakashinda. Nani angekumbuka kwamba chumbani mna mdomo wa tatu?

Mtoto akaigeukia kamera, akatabasamu, akasema neno lake la kwanza, wazi kabisa, kwa lafudhi ya bibi yake.

"Karibu."